Shaaban Robert, karani aliyeiweka serikali kizimbani

Wasomaji wa Kusadikika hawajawahi kuafikiana. Kuna wanaosema kitabu kile ni kesi dhidi ya mkoloni, iliyofichwa ndani ya hadithi ya nchi inayoelea hewani. Kuna wanaosema ni mawaidha tu ya mzee mpole, wema ukishindana na ubaya, bila kumlenga mtu. Na liko fungu la tatu, wengi wao vijana, wanaoona mwandishi aliogopa: aliwashitaki wakubwa mwanzoni mwa kitabu, akawasamehe mwishoni. Ubishi huu nimeusikia barazani Mombasa, nimeusikia Tanga kwenyewe, na nimeusikia mbali na bahari, kule Bahati katika kaunti ya Nakuru.

Kwa maoni yangu, ubishi huu hauamuliki kwa kusoma kitabu peke yake. Lazima tumwangalie mwenye kalamu: alizaliwa wapi, alikula mshahara wa nani, na alipotoka kazini jioni aliketi kuandika nini.

Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, huko Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, watu wa kusini mbali na bahari. Lakini mtoto alikulia pwani, akafundishwa dini ya Kiislamu, akasema Kiswahili tangu utotoni, na mwenyewe akajihesabu Mswahili. Jambo hili linatuhusu sisi tunaopenda kuulizana mpaka leo nani Mswahili halisi na nani wa kuja. Mtu tunayemtaja kwanza tunapojivunia lugha yetu alikuwa mwana wa wazazi waliotoka mbali, na pwani ilimpokea.

Alizaliwa chini ya Mjerumani. Hajatimiza miaka sita, Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililojaa askari kutoka India lilishuka Tanga kuuteka mji. Likapigwa vibaya, likarudi melini. Mwaka 1916 Waingereza wakaja tena, na safari hii wakauchukua. Kwa hiyo mtoto wa Tanga wa miaka ile aliona, kabla hajabaleghe, serikali moja kubwa ikikunja bendera yake na nyingine ikiipandisha yake mahali pale pale. Waliotozwa kodi walibaki wale wale.

Mwaka 1922 alipelekwa Dar es Salaam kusoma, akamaliza 1926 na cheti chake. Kusoma darasani kuliishia hapo. Hakuona chuo kikuu wala hakwenda Ulaya kutafuta shahada. Kiingereza alichokipata alikitumia kusoma vitabu peke yake usiku, hata baadaye akaweza kuzitafsiri ruba'i za Omar Khayyam kwa Kiswahili kutoka katika Kiingereza.

Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa ukarani katika Idara ya Forodha. Alikaa humo miaka 18, mpaka 1944. Wanaomsoma kama mtunga mawaidha tu hawaitazami vizuri miaka hii. Karani wa forodha ni mtu wa orodha. Meli au jahazi likitia nanga, yeye huhesabu marobota, hulinganisha kilichoandikwa na kilichoko, huandika ushuru, hupeleka karatasi mezani kwa mkubwa. Haamui kitu. Lakini kila kinachoamuliwa kimepita mkononi mwake, naye anajua kilichoandikwa kweli na kilichoandikwa kwa kupendelea. Karani Mwafrika wa zama zile alisikia yaliyosemwa upande wa pili wa meza, na alirudi nyumbani kulala miongoni mwa watu ambao habari zao zilikuwa zimeandikwa mchana. Alijua kwamba ripoti inaweza kuwa ya kweli kabisa, imeandikwa kwa hati nzuri, na bado isisomwe na mtu.

Huku akihesabu mizigo ya watu alikuwa akitunga. Mashairi yake yalitoka katika magazeti ya Kiswahili, jina likaanza kuenea. Nyumbani alikuwa na familia ya kulea kwa mshahara mdogo. Mkewe Amina alifariki, na shairi alilomlilia nalo limebaki mojawapo ya tungo zake zinazojulikana zaidi. Kwa binti yake alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume akatunga Utenzi wa Adili, ili wawe na maneno ya kushika akiwa hayupo. Tenzi hizi mbili zilifuata njia ya mababu. Tangu Mwana Kupona wa Siyu alipomwandikia bintiye, sisi watu wa pwani tumezoea kuacha usia kwa beti.

Vita vikuu vya pili vilipoanza 1939, Shaaban alivifuata kwa karibu, akatunga utenzi mrefu sana uitwao Utenzi wa Vita vya Uhuru. Wapo wanaomlaumu kwa utenzi huu. Wanauliza kwa nini Mwafrika aliyetawaliwa aliimba vita vya mtawala wake. Mimi nauona kwa jicho jingine. Waingereza walikuwa wakitangaza kila mahali kwamba wanapigania uhuru wa watu. Mtu anayelichukua neno hilo na kuliimba mbele ya Waafrika waliotoa vijana wao kwenda kupigana, anamkumbusha msemaji ahadi yake. Baadaye hawezi kusema hakulitamka.

Mwaka 1944 alihamishiwa Idara ya Mifugo, huko Mpwapwa, katikati ya nchi, mbali na bahari na watu wake. Mwaka 1946 akarudishwa Tanga, ofisi ya mkuu wa jimbo, na humo alikaa hadi 1952. Baada ya hapo akahamia ofisi ya upimaji ardhi, hapo hapo Tanga, mpaka alipostaafu 1960. Ukiihesabu yote ni miaka 34 ya kuitumikia serikali ya kikoloni: forodha, mifugo, utawala, ardhi. Watu wachache sana wa kabila lolote waliiona serikali ile kutoka ndani kwa muda mrefu hivyo, na karibu hakuna kati yao aliyekuwa na kalamu kama yake.

Ilikuwa katika miaka hii ya kurudi Tanga ndipo vitabu vikubwa vilipoanza kutoka. Maisha Yangu kilichapishwa 1949. Mwaka 1951 kampuni ya Nelson ya Uingereza ikachapisha Kusadikika.

Kwa asiyekisoma, au aliyekisoma zamani shuleni akakisahau, habari yake ni hii. Kusadikika ni nchi iliyoko angani, ina mfalme na baraza la wakubwa. Kijana Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Anasimamishwa mbele ya mfalme na baraza, na adhabu inayomngoja ni kubwa. Hana silaha wala hana jamaa mwenye cheo. Anajitetea kwa kusimulia. Siku baada ya siku anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita ambao nchi yenyewe iliwatuma: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walikwenda pande zote nne za dunia, na juu mbinguni, na chini ardhini, kutafuta mambo yatakayoifaa Kusadikika. Walipata taabu njiani, wakajifunza, wakarudi na habari zenye manufaa. Na kila aliyerudi alitiwa gerezani. Mwisho mfalme anaisikia hoja. Karama anaachiliwa, na wajumbe waliokuwa kifungoni wanafunguliwa.

Msomaji, iangalie hatia ya wale wajumbe. Hawakuasi wala hawakuiba. Walitumwa na serikali yao, wakaenda, wakaona, wakaleta ripoti. Kosa lao lilikuwa kwamba ripoti ilidai mambo yabadilike. Ni nani angeweza kubuni kosa la namna hiyo kama si mtu aliyekaa ofisini miaka mingi, akiona karatasi za maana zikiwekwa kabatini na aliyezileta akitazamwa kama adui?

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kitabu hakimlengi mtu. Mwaka kilipotoka, 1951, Wameru wa Tanganyika ya kaskazini walikuwa wakiondolewa Ngare Nanyuki kwa nguvu ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata walimtuma mjumbe wao, Kirilo Japhet, akavuka bahari mpaka New York, akayaeleza mashitaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, akaonewa huruma, akarudi, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Shaaban alikuwa amekwisha kukiandika kitabu chake kabla ya safari ile, kwa hiyo hakuwa akisimulia habari za Kirilo. Lakini waliosoma Kusadikika baada ya 1952 hawakuhitaji kuelezwa mjumbe ni nani.

Kwa nini basi hakusema waziwazi? Tumkumbuke alivyokaa. Alikuwa mtumishi wa serikali, na katika miaka ya 1950 watumishi wa serikali ya Tanganyika walikatazwa kuingia katika siasa za vyama. Mchapishaji alikuwa Mwingereza. Fumbo lilikuwa mlango uliobaki wazi, nalo si mlango wa waoga. Watu wa pwani wametumia fumbo tangu zamani kuwaambia wakubwa mambo ambayo wakubwa hawapendi kuambiwa. Muyaka alifanya hivyo Mombasa karne ya 19, mji ulipokuwa ukivutana na Sayyid Said. Fumbo humpa mwenye nguvu nafasi ya kusikia bila kuaibika. Likimkuta na akili, litamfaa. Akikasirika, atakuwa amekiri mwenyewe kwamba kofia imemkaa kichwani.

Hapa ndipo wanapoingia wale vijana wa fungu la tatu, na hoja yao si nyepesi. Niliwahi kusomesha Kiswahili Bahati. Mandhari ya kule ni vilima, msitu na mashamba yaliyokuwa ya walowezi katika ile sehemu Waingereza waliyoiita nyanda za Wazungu. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wajukuu wa maskwota, watu waliolima ardhi ya mwenye shamba kwa ruhusa, na ruhusa hiyo ikiweza kuondolewa asubuhi moja. Tulisoma Kusadikika kama kitabu cha ziada, jioni, baada ya masomo ya kawaida. Sikutarajia kingewagusa. Lugha yake ilikuwa ngumu kwao, majina yalikuwa ya pwani na ya Kiarabu. Kumbe walikielewa upesi kuliko nilivyodhani, na walikikasirikia.

Kilichowakera ni mwisho. Msichana mmoja aliyependa kukaa nyuma ya darasa aliuliza ni mfalme gani duniani anayekaa siku sita akimsikiliza mshitakiwa, kisha akamwachilia. Mvulana mmoja akamjibu kwamba katika hadithi yawezekana, lakini katika kijiji chao lilitoka jina la mtu aliyesema kama Karama na hakuachiliwa. Hakuhitaji kulitaja jina. Josiah Mwangi Kariuki, yule Wakenya wanayemwita JM, alizaliwa 1929 Kabati-ini, upande huo huo wa Bahati. Mkoloni alimweka kizuizini kutoka 1953 hadi 1960, akihamishwa kambi hadi kambi. Alipotoka aliandika kitabu kuhusu kifungo chake, akawa mbunge, akawa msaidizi wa karibu wa serikali mpya. Kisha akaanza kusema hadharani kwamba uhuru ulikuwa ukiwatajirisha wachache na kuwaacha wengi bila ardhi. Machi 1975 aliuawa, na maiti yake ikakutwa katika vilima vya Ngong. Kamati teule ya Bunge ilichunguza, ikaandika ripoti. Hakuna mtu aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji yale.

Kwa watoto wa Bahati, basi, mwisho wa Kusadikika ulikuwa uongo mtamu. Na si wao pekee. Katika miaka ya 1970, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliomsoma Shaaban kwa macho ya ujamaa walitoa lawama inayokaribiana na hiyo. Euphrase Kezilahabi, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi mkubwa wa riwaya, alimfanyia Shaaban utafiti wa shahada ya pili. Wahakiki wa kipindi kile waliona wahusika wa Shaaban ni wema mno au wabaya mno, hata majina yao yanawahukumu kabla hawajafungua mdomo. Waliona pia kwamba mabadiliko katika vitabu vyake huja kwa moyo wa mtawala kulainika, wala hayaji kwa wananchi kusimama.

Na sisi wa Mombasa tuna ushahidi wetu wa karibu. Abdilatif Abdalla hakutumia nchi ya angani. Mwishoni mwa 1968 aliandika karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi, wakati serikali ya uhuru ilikuwa na miaka mitano tu. Alipewa kifungo cha miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yeye ni mjumbe wa saba wa Kusadikika, ukipenda kumhesabu hivyo, ila hapakuwa na Karama wa kumtetea wala mfalme wa kusikiliza.

Je, ushahidi huu unamwangusha Shaaban Robert? Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu na jibu langu ni hapana, kwa sababu moja. Vijana wanausoma mwisho wa kitabu kama habari ya lililotokea. Mimi nausoma kama amri kwa mtawala. Mwandishi hakuwaambia wananchi kwamba wafalme wote ni wasikivu. Alimwambia mfalme kinachompasa kufanya, na akamwandikia hukumu kabisa, kama karani anavyomwandalia mkubwa barua ambayo mkubwa anatakiwa atie saini tu. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka 34. Barua ilikuwa tayari mezani. Kama mkubwa hakutia saini, lawama si ya karani.

Tena tuangalie Karama mwenyewe alikuwa akifundisha nini. Alikuwa akifundisha sheria. Hakuwafunza watu kumwomba mfalme huruma. Aliwafunza kujitetea, kujua haki zao, kusimama mbele ya baraza na kusema. Kwa hiyo ile hoja kwamba wananchi wamekaa kimya wakingoja moyo wa mtawala ulainike haijatosha. Kilichomwogopesha Majivuno ni kwamba kesho na kesho kutwa kungekuwa na Karama wengine mia.

Shaaban hakukaa pembeni ya mambo ya mji wake. Alikuwa mjumbe katika baraza la mji wa Tanga. Alikuwa pia katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, chombo kilichosimamia Kiswahili sanifu. Wazee wengi wa Mombasa hawakufurahia kazi ya kamati ile, maana Kiunguja kilichaguliwa na Kimvita kikaachwa kando, na malalamiko hayo yana haki yake. Lakini Kiswahili cha Shaaban hakikuwa cha kamati. Kilikuwa kipana, chenye maneno ya watu wa kale na ya watu wa mitaani, na kilionyesha kwamba lugha hii inaweza kubeba hoja nzito bila kuazima mgongo wa lugha nyingine. Mwaka 1958 ulichapishwa Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya yule mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika umaskini na ambaye sauti yake ilifika India katika santuri. Kwa mwanamume wa zama zile kukaa na kuandika kitabu kizima kumheshimu mwanamke mwimbaji lilikuwa jambo la kuhesabiwa. Naye Siti aliimba habari za waonevu na wala rushwa. Shaaban alimtambua mwenzake katika kazi.

Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE, na akapewa pia tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi. Wapo wanaozitaja heshima hizi kuwa ushahidi kwamba alikuwa mtu wa wakoloni. Mimi nazitazama pamoja na hesabu nyingine, ya vitabu vyake vyenyewe. Kufikirika, alichokiandika 1946 na ambacho ni ndugu wa Kusadikika, kilichapishwa 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, ule ulioimba vita vilivyokwisha 1945, nao ulitoka 1967. Utubora Mkulima ulitoka 1968. Siku ya Watenzi Wote, 1968 pia. Mwandishi mwenyewe alifariki Juni 1962. Nishani alivikwa angali hai, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilibaki katika miswada mpaka alipokuwa kaburini miaka mitano na zaidi.

Alijaribu kujikomboa. Alianzisha shughuli yake ndogo ya uchapishaji pale Tanga ili vitabu vyake visingoje ruhusa ya watu wa mbali. Kwa karani mstaafu ilikuwa kazi ngumu, fedha zikiwa chache na soko likiwa dogo. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958 zilikuja kukusanywa na kuchapishwa, na ndani yake tunamwona mtu wa nyumbani: mambo ya familia, ya kazi, na vitabu, vitabu, vitabu.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban aliishi kuuona miezi sita tu. Alikuwa na miaka 53. Alizikwa Machui, kule kule alikozaliwa, na mpaka leo wapenzi wa lugha huenda kulizuru kaburi lake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa nirudi kwa watoto wa Bahati, maana swali lao linatuhusu sisi wa pwani kuliko wanavyojua. Sisi pia tuna maskwota, familia zilizokaa juu ya ardhi moja vizazi vitatu na hazina karatasi, huku mwenye karatasi hajulikani anakaa wapi. Na sisi pia tumetuma wajumbe. Tume ya Ndung'u ilichunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ikatoa ripoti yake mwaka 2004. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizunguka nchi nzima, ikaja mpaka kwetu, wazee wakatoa ushahidi wakilia, na Mei 2013 ripoti ikakabidhiwa kwa Rais. Ndani yake mna sura nzima kuhusu ardhi na dhuluma za pwani. Nenda leo ukawaulize wazee wale waliosema mbele ya tume wamepata nini.

Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini hawakufa na ukoloni. Siku hizi hawafungwi gerezani, wanafungwa kabatini. Tunawatuma kwa fedha za umma, wanakwenda, wanaona, wanarudi na kurasa elfu, wanapigwa picha wakikabidhi, kisha mlango unafungwa. Na aliyewaleta habari hatiwi minyororo. Anashukuriwa tu na kusahauliwa, jambo ambalo kwa watawala ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo ninaposikia barazani kwamba Kusadikika ni kitabu cha zamani, cha mkoloni, cha mawaidha, nauliza ni kipi kati ya yale aliyoyasema Karama kimekwisha kutekelezwa. Na wanaposema vijana kwamba Shaaban aliwasamehe wakubwa, nawaomba wahesabu tena siku za ile kesi. Kwa siku zote hizo, mtu mmoja asiye na cheo aliwalazimisha wakubwa wa nchi kukaa kitini na kusikiliza majina ya watu waliowafunga, mmoja mmoja, bila kuruka hata jina moja. Tunayo mabunge ya kaunti saba hapa Pwani na Nakuru. Sijui ni lini mara ya mwisho mojawapo lilikaa hata siku moja, likasoma ripoti ya ardhi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, huku wenye ardhi wenyewe wamekaa katika viti vya wageni wakisikiliza.